Jua Lililobaki Juu ya Bati

Mume wangu ni fundi wa kuezeka nyumba, na ukiolewa na fundi wa kuezeka, matatizo yako yote yatatafutiwa dawa juu ya paa. Siku naolewa sikulijua hilo. Nilikuja kulijua nikiwa na mimba ya miezi mitano, nimelala chali kwenye mkeka katikati ya chumba chetu hapa Kasulu, gauni nimelipandisha mpaka juu ya magoti, namtazama yeye kule juu, mguu mmoja huku mguu mmoja kule kwenye mbao, ametoboa paa letu tundu la ukubwa wa mlango.

"Linakufikia?" akauliza.

"Linanifikia magotini tu!"

"Nisogeze?"

"Usogeze jua, fundi?"

"Nisogeze tundu!"

Mama yake, ambaye alikuwa nje ameshika ngazi, akatukemea kwa sauti ya chini, "Nyie watoto, hebu punguzeni makelele. Mtaa mzima utajua tunaanika mtu humo ndani."

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Teke la kwanza la nguvu kabisa. Nikapiga kelele, fundi akadhani nimeangukiwa na msumari, akaja chini mbio, karibu avunje ngazi na mama yake pamoja.

Lakini nimerukia katikati. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa Kibondo. Mama yangu ni mkulima wa muhogo na maharage, na shule niliishia darasa la saba, kisha nikajifunza cherehani. Nilikuja Kasulu kushona kwenye kibaraza cha duka moja, na fundi akaja kubadilisha mabati ya kibaraza hichohicho. Akadondosha msumari ukatua juu ya kitenge cha mteja wangu. Nikamtukana. Akashuka kuomba msamaha. Akapanda tena, akadondosha mwingine, na ule wa pili mpaka leo anaapa kwamba uliteleza wenyewe. Hayo ndiyo mapenzi yetu, hayana hadithi ndefu zaidi ya hapo.

Mama mkwe wangu ni mtu wa pwani. Aliletwa huku Buha, nchi ya Waha, akiwa bibi harusi, akazaa, akafiwa na mume, akabaki. Chumba cha mbele cha nyumba yake ni duka la khanga na vitenge, sisi tunakaa chumba cha nyuma. Ananiita mwanangu, na hasemi hivyo kwa mdomo tu. Samaki akipikwa, kichwa ni changu. Baridi ya Kasulu ya mwezi wa sita ikianza kuuma, anakuja kunifunika miguu wakati mwanawe yuko palepale kitandani amejikunyata, na yeye hamfuniki.

Sasa, mimba hii ninayoisimulia haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilinijia mwaka mmoja kabla, na mimi nilivyo, furaha hainikai tumboni. Nilikuwa naota mchana kweupe. Nimeshika mkasi, mawazo yako mbali, naona mtoto wangu ni rubani, anapita juu ya Kasulu, anapunguza mwendo juu ya nyumba yetu ili bibi yake ampungie mkono. Nilijishonea gauni la kubana, tumbo lenyewe bado halipo, nikatembea nalo sokoni. Wakati narudi nikapishana na jirani yetu mmoja, mama mwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, mtu mwenye sauti kama ya kipaza sauti cha mnadani. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, yeye amezaliwa hapahapa, Mkristo safi wa kuimba kwaya. Akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Hee! Mke wa fundi! Umenawiri weee! Umenawiri kama mchicha wa mvua ya kwanza!"

Nikafurahi sana. Siku ya tatu yake ile mimba ikatoka.

Sitaandika mengi hapo. Fundi alilia kuliko mimi, akiwa juu ya paa la watu, alidhani hakuna anayemwona. Mama mkwe yeye hakulia. Alikaa kwenye kigoda dukani, akawaza, kisha akasema neno moja tu: "Hakusema mashallah."

Kwa mtu wa kwao, ukimsifia mtoto, au mimba, au hata mbuzi wa mtu, lazima useme mashallah, ili sifa zako zisimdhuru unayemsifia. Jirani hakusema. Atasemaje, mtu wa kwaya? Kwao ukifurahi unasema umefurahi, basi. Lakini tangu siku ile mama mkwe hakumsalimia tena. Jirani akipita duka linafungwa pazia. Yule mama nadhani hakuelewa kosa lake, alikuwa anapita tu kichwa chini, yeye na ile sauti yake yote imemezwa.

Basi mimba ya pili ilipoingia, mama mkwe akaamua kwamba safari hii hakuna jicho litakaloiona. Nyumba yetu haina uzio, na uani ndiyo njia ya mkato ya kila anayekwenda sokoni. Kwa hiyo mahali pa kujificha ni chumbani tu. Cherehani yangu ikaingizwa ndani, taa ikawashwa mchana. Nikitoka kwenda chooni navishwa khanga mbili mwilini na moja kichwani, mikono ndani, kama mzigo unaosafirishwa kwenda Kigoma. Wateja wakiniulizia wanaambiwa nimekwenda Kibondo kumsalimia mama.

Na mimi nilifurahi! Nisiseme uongo nikasema niliteswa. Nilijiona malkia. Naletewa uji wa ulezi, naletewa karanga, nashona nguo ndogondogo za ukubwa wa kiganja, nazipanga kitandani kama watu wamelala foleni. Nikishona soksi naota miguu. Nikishona kofia naota kichwa, na ndani ya kichwa naota akili nyingi kuliko zangu. Mvua za mwezi wa tatu na wa nne zilipita juu ya bati mimi nipo ndani. Kiangazi kikaingia mimi nipo ndani.

Kitu kimoja tu kiliniharibia umalkia wangu, miguu. Ilianza kuuma taratibu, maumivu ya ndani kabisa, kwenye mfupa, si kwenye nyama. Mapaja yakawa dhaifu. Nikitaka kuinuka kwenye kigoda nashika cherehani, naegemea ukuta, nahesabu moja mbili tatu. Nikitembea nayumba kama bata. Fundi alikuwa akinitania, "Bata wangu huyo," lakini siku nilipoinuka nikarudi chini mwenyewe bila kutaka, hakutania tena. Aliniangalia kwa yale macho ya mwaka jana.

Mama mkwe akasema twende kliniki. Alikodi bajaji, akafunika pande zote mbili kwa khanga, dereva akauliza kama amebeba maiti. "Nimebeba lulu," akajibiwa, "na uangalie mashimo."

Nesi aliyetupokea alikuwa dada mnene kiasi, mcheshi, anaandika huku anaongea. Alipima damu, akapima presha, akapima mkojo, akaona hakuna ubaya. Akabonyeza mfupa wa mbele wa mguu wangu, nikaruka. Akaweka kalamu chini.

"Mama kijacho, wewe jua unaliona?"

"Naliona, dada. Dirishani."

"Nauliza linakupiga? Kwenye ngozi?"

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama dari. Nesi akazitazama zile khanga zangu tatu, akaelewa.

Alitueleza vizuri sana, na mimi nitaeleza nilivyoelewa, shule yangu ndiyo hiyo niliyoitaja. Kuna vitamini inaitwa D. Madini ya kujenga mifupa hayaingii mwilini vizuri bila hiyo. "Unaweza kula maziwa na dagaa mpaka ukatapika," alisema nesi, "bila hiyo vitamini D ni kama umeshusha matofali saiti halafu fundi hajaja." Nilipenda mfano huo kwa sababu yangu mwenyewe. Akaendelea kusema kwamba chakula kina kidogo tu cha hiyo vitamini, kiini cha yai kinayo, samaki wenye mafuta kama migebuka wanayo, ila nyingi tunaitengeneza sisi wenyewe kwenye ngozi, jua likitupiga. Mtu mweusi inabidi akae juani muda mrefu kidogo kuliko mweupe. Na mtoto tumboni anajenga mifupa yake kwa vifaa vya mama yake, hana duka lingine. Mama akipungukiwa, yeye ndiye anayeumwa mifupa na kulegea, na mtoto anaweza kuzaliwa na akiba ndogo, mifupa laini isiyotaka kumbeba.

"Kwa hiyo?" mama mkwe akauliza.

"Kwa hiyo atakunywa vidonge nitakavyomwandikia, atakula mayai, na kila siku atoke. Mikono na miguu wazi, kama nusu saa hivi asubuhi jua likishachangamka, asingoje limchome. Siyo dawa ya ajabu, bibi. Ni jua tu, na Mungu katupa bure."

"Mayai hali," mama mkwe akasema. "Mtoto atazaliwa kipara."

"Watoto wengi wanazaliwa vipara, bibi. Na mama zao hawajaonja yai."

Tukarudi ndani ya bajaji yetu ya khanga. Mimi nilikuwa naogopa na nacheka kwa wakati mmoja, nikiwaza mtoto wangu rubani anashindwa kusimama kwa sababu mama yake alijifanya malkia. Niliposhuka mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu.

"Mayai utakula," akasema. "Vidonge utakunywa. Lakini nje sikutoi, mwanangu. Nilikutoa mwaka jana."

Hapo ndipo nilielewa. Mwaka mzima mimi nilidhani anamlaumu jirani. Kumbe anajilaumu yeye, kwa kuniacha nikatembea na lile gauni.

Jioni hiyo fundi alisikiliza habari yote huku anakula. Nesi anataka jua, mama hataki macho ya watu. Akatafuna, akatazama juu. Nikajua tumekwisha.

"Kwani lazima yeye ndiye atoke?" akasema. "Jua si linaweza kuingia?"

Kesho yake akarudi na bati la plastiki, yale meupe yanayopitisha mwanga, wanaweka kwenye magodauni. Akatoboa paa, ndiyo hapo nilipoanzia. Majirani wakauliza, wakaambiwa mke wa fundi anahitaji mwanga wa kushonea, akirudi kutoka Kibondo.

Jamani, zile wiki nne! Kila asubuhi jua lilishuka chumbani kwetu kama mgeni anayejua njia. Linaanzia kwenye mto wa kitanda, linashuka sakafuni, linapita kwenye cherehani, linaishia kwenye ndoo. Na mimi nalifuata na mkeka wangu, nahama nalo kama paka. Mama mkwe alikaa mlangoni akinipangia: "Geuka mwanangu, upande huo umeiva." Nilikula mayai, nilikunywa vidonge vyangu. Nikafumba macho nikaona ule mwanga mwekundu ndani ya kope, nikamwambia mtoto, haya, kula, kula, jenga miguu, jenga mgongo, usisahau visigino.

Ila miguu haikupona. Ilipungua kidogo, au nilitaka ipungue, sijui. Fundi akiniuliza nasema naendelea vizuri, maana nilimwonea huruma na tundu lake. Mama mkwe hakuuliza. Alikuwa anahesabu nachukua muda gani kuinuka kwenye kigoda.

Tuliporudi kliniki yule nesi akabonyeza palepale, nikaruka vilevile.

"Jua?"

"Kila siku, dada! Nusu saa, wakati mwingine saa nzima."

"Wapi?"

"Chumbani."

Nesi akaacha kuandika. Nikamweleza habari ya bati la plastiki, kwa majivuno kabisa, na tundu la ukubwa wa mlango, na namna ninavyohama na mkeka. Alijitahidi kujizuia. Alifunika mdomo kwa kadi yangu ya kliniki. Halafu akashindwa, akacheka mpaka akashika meza, na mimi nikaanza kucheka kabla sijajua nacheka nini.

"Mama kijacho wangu," akasema akijifuta macho, "mwanga umeingia. Joto limeingia. Lakini kile ambacho ngozi yako inakitaka, kile kinachotengeneza vitamini, hakipiti kwenye plastiki. Hata kwenye kioo cha dirisha hakipiti vizuri. Kimebaki juu ya bati."

"Kwa hiyo mwezi mzima..."

"Mwezi mzima bati lako ndilo limeota jua. Limenawiri."

Alisema kwa utani, hakujua ni neno gani amelishika. Mama mkwe wangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ile, akaanza kulia pale kwenye benchi, taratibu, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya khanga. Kicheko kikatuishia wote. Nesi akaacha meza yake akaja kukaa karibu naye, na mama mkwe akamweleza yote, gauni la kubana, sokoni, jirani, neno ambalo halikusemwa. "Huyu ni mtoto wa watu," akasema, "nimeazimwa. Mwaka jana niliangalia pembeni mara moja tu."

Nesi hakumcheka. "Bibi," akasema, "mimba changa nyingi zinatoka zenyewe, na mara nyingi hata sisi hatujui kwa nini. Siyo gauni. Siyo kutembea. Hukukosea wewe, wala huyu hakukosea. Dua zako endelea nazo, mimi mwenyewe naziomba. Ila hii miguu inataka jua, na mtoto ana miezi mitatu tu ya kumalizia ujenzi."

Mama mkwe akakubali kwa kichwa. Lakini kukubali kwa kichwa ni jambo moja. Kesho yake asubuhi tulifika mpaka mlango wa nyuma, ameshika kitasa, mimi mikono wazi nina baridi, na watu wanapita uani kama kawaida yao. Akasimama. "Kesho," akasema. Kesho yake ikawa tena kesho.

Nikampigia simu mama yangu Kibondo.

Mama yangu hana maneno mengi. Alisikiliza, akasema "ego", yaani ndiyo, akakata. Siku ya pili akateremka kwenye gari la asubuhi na kiroba cha muhogo uliolowekwa na kumenywa, unanukia mpaka abiria walikuwa wamempisha kiti.

"Mwakeye," akamsalimia mama mkwe kwa Kiha.

"Karibu mkwe wangu. Umetuletea zawadi au umetuletea harufu?"

"Vyote. Mnakula ugali mweupe wa dukani ndiyo maana mnaogopa jua."

Mama mkwe akacheka kwa kulazimika. Wakanywa chai. Mama akanitazama ninavyoinuka, akaona bata mzima. Akanishika tumbo, akaweka kiganja pale, muda mrefu.

"Huyu," akamwambia mama mkwe, akininyooshea kidole mimi, "nilimbeba nikilima. Asubuhi mpaka saa sita, jembe mkononi, mikono wazi. Sikujua vitamini. Nilijua magugu tu."

"Na mimi namtunza asishike jembe."

"Unamtunza sana, mkwe wangu. Nimemwona mashavu. Na ndiyo maana sikuja kugombana, nimekuja kuanika."

Akatoka uani, akatandika turubai, akamwaga ule muhogo, akausambaza kwa mikono. Halafu akaja mlangoni akaniita kwa sauti ya kawaida, kama vile nina miaka kumi: "Njoo ulinde kuku."

Na hapa naomba mtu asiyetoka kwetu anielewe. Uani kwetu Kasulu, wakati wa kiangazi, kila nyumba imeanika kitu. Muhogo, maharage, dagaa, mahindi. Na kila kilichoanikwa kina mtu amekaa pembeni na kijiti, miguu ameinyoosha, anafukuza kuku. Mtu huyo haonekani! Siyo kwamba amejificha, ni kwamba hakuna anayemtazama. Ni kama sehemu ya turubai. Ukipita unautazama muhogo wake, unauliza umekauka, unaendelea na safari. Mama yangu alijua hilo tangu yuko Kibondo na kiroba chake.

Mama mkwe naye alikuwa mtu wa kuelewa haraka. Alisimama pale mlangoni akaniangalia, akauangalia muhogo, akawaangalia kuku wa jirani ambao tayari walikuwa wanasogea kwa adabu ya uongo. Akanivua khanga ya kichwa kwa mkono wake mwenyewe. Akanivua ya pili.

"Kaa chini kabisa," akasema, "uweke kiroba mapajani."

Nikakaa. Jua la saa tatu la kiangazi likanipiga mikononi. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimesahau kwamba jua lina uzito! Lile la kwenye plastiki lilikuwa kama chai ya jana. Hili lilinishika mabegani kama mtu anayenijua. Upepo ulipita, ukanuka udongo na muhogo na moshi wa mtu anayechemsha maharage, na mimi nikaanza kucheka peke yangu na kijiti mkononi. Watu wakapita. "Umekauka?" "Bado." "Haya." Basi! Hakuna aliyeuliza tumbo.

Nikaanika muhogo wiki ile. Ulipokauka mama akarudi Kibondo na kutuachia turubai, mama mkwe akanunua dagaa wabichi tuanike. Dagaa walipokauka tukaanika maharage ambayo tayari yalikuwa makavu. Mwishoni kulikuwa na asubuhi moja alinimwagia mchele, eti una unyevu. Na miguu, polepole, wiki baada ya wiki, vidonge na mayai na jua, ikaanza kunirudia. Siku niliyoinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, fundi alikuwa anakunywa uji. Alipiga makofi akamwaga wote kifuani.

Tumbo lilipofika mwezi wa nane, kiroba cha mapajani hakikuwa kinaficha kitu tena. Kilikaa juu ya tumbo kama kofia juu ya kichwa. Na asubuhi moja kuku mmoja mjeuri akaruka katikati ya turubai, tulikokuwa tumeanika dagaa tena, nikainuka kumfukuza, kiroba kikaanguka, nikageuka na mlima wangu wote hadharani, na mbele yangu amesimama yule jirani wa migomba. Kuku alikuwa wake. Amekuja kumchukua.

Tukatazamana. Macho yake yakashuka kwenye tumbo, yakapanda usoni kwangu. Nikamwona anataka kuinamisha kichwa apite, kama alivyozoea kupita mwaka mzima. Lakini yule mama, Mungu alimuumba na sauti ile na furaha ile, hazifungiki. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hee! Mke wa fundi! Umenawiri weee!"

Mtaa mzima ulisikia. Ndani ya duka mkasi ukaanguka sakafuni. Nikasikia hatua za mama mkwe, mbio, kuliko nilivyojua anaweza kwenda. Jirani naye akazisikia, akafunika mdomo kwa mikono miwili, hata hakujua kwa nini.

Mama mkwe akatokea mlangoni, khanga kubwa mkononi, ile ya kunifunika. Akatutazama. Alikuwa anahema. Mimi nilisimama tu juani, kijiti mkononi, miguu yangu miwili imenibeba, na nilitamani sana aione hiyo miguu. Nadhani aliiona. Alishusha macho akaiangalia, kisha akayapandisha polepole mpaka usoni kwangu.

Ile khanga akaitandika chini kando ya turubai. Akakaa juu yake. Akakunja mikono ya gauni lake mpaka kwenye viwiko, akanyoosha miguu mbele kama mimi.

"Mashallah," akasema, kwa sauti kubwa, akiwa anamtazama jirani. "Umesahau neno moja, jirani yangu. Nimekusaidia. Sasa kaa, utuambie kuku wako amekula dagaa wangu wangapi."

Jirani alikaa. Alikaa mpaka adhuhuri, na mwaka mzima wa maneno aliyokuwa ameyabana ukamtoka wote kwa siku moja. Mama mkwe akamfundisha lile neno, linasemwa lini na linasemwa vipi. Jirani akalirudia kama anajifunza wimbo mpya wa kwaya, sauti ya kwanza, sauti ya pili.

Mtoto wangu alizaliwa mvua za kwanza zilipoanza. Ni wa kike, kipara kabisa, hana hata unywele mmoja, na mama mkwe alipomwona akaniangalia kwa jicho la "mayai hayo". Alimshika miguu akaikunja na kuinyoosha, mmoja, mwingine, kama mtu anayepima kitambaa. "Imara," akasema.

Jua lilipochomoza baada ya siku kadhaa za mvua, alimtoa nje mwenyewe, dakika chache tu za asubuhi, kwenye ile khanga. Chumbani bati la plastiki bado lipo, nashonea mwanga wake, halina kosa. Nilikuwa napiga cherehani niliposikia sauti ya jirani inakuja kutoka migombani, bado yuko mbali, hajamwona hata mtoto.

"Mashallah! Mashallah! Mashallah!" anapiga kelele, watu wanageuka njiani. "Nimeshasema mara tatu! Sasa mfunueni nimsifie!"